Kaya 915 za Kagera: waliobaki, walioondoka, na sisi tunaotuma hela

Ndugu zangu, leo naanza kwa kuungama.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika makala ya kuwaambia vijana waache kukaa vijiweni mjini, warudi vijijini wakalime. Mhariri aliipenda, ikapewa nafasi nzuri, nami nikatembea kwa maringo wiki nzima. Jumapili mdogo wangu akanipigia simu kutoka nyumbani Muleba. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo kaka," akauliza habari za kazi, halafu akasema, "Nimesoma makala yako. Sasa wewe utarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Nilibadilisha mada, nikamuuliza kama senene wameanza kuanguka.

Swali lile halikuniacha. Ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya utafiti mmoja uliofanyika mkoani kwetu Kagera. Chuo nilikaa miaka mitatu, wahadhiri wakatufundisha mambo ya sampuli na modeli, lakini sikumbuki hata mmoja aliyeutaja. Wachumi duniani wanaujua, sisi wenyewe hatuujui! Basi leo nitausimulia kama nilivyouelewa.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wazo la "rudini mkalime" halikuanza na mimi. Wakoloni waliwaswaga watu kutoka Dar es Salaam kwa kuwaita wahuni. Baada ya uhuru wimbo ukaendelea. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kuwagawa watu kazini, ile kampeni iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alikamatwa, akapakiwa kwenye gari, akapelekwa shambani. Wauza karanga, wachuuzi wa samaki, washona viatu, wote walihesabiwa kuwa wazururaji. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Nyuma ya mambo yote hayo palikuwa na imani moja, kwamba mtu akitoka kijijini anapotea, na nchi nayo inapoteza. Mtu aliyekwenda kuipima imani hiyo kwa takwimu hakuwepo.

Kagera ya wakati huo ilikuwa na majonzi yake. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakachoma na kupora. Vita vikaisha 1979, ukaja ukata, na magendo ya mpakani yakawa ndiyo riziki. Halafu mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagundulika mkoani Kagera. Wazee wetu hawakuuita UKIMWI. Waliuita Juliana, jina la nguo za kisasa ambazo wafanyabiashara walikuwa wakizileta kutoka Uganda. Aliyevaa Juliana alikuwa na hela, na mwenye hela ndiye aliyeanza kukonda.

Nyumbani kwetu babu alifariki mwaka 1990. Baba alikuwa na miaka 12. Sababu ya kifo hatukuambiwa, na katika ukoo wetu hadi leo hilo haliulizwi. Baba akalelewa na mjomba wake, akabaki na kibanja. Shangazi, mdogo wake baba, alichukuliwa na jamaa akapelekwa Mwanza. Mjue hilo, maana nitalirudia.

Sasa, huko serikalini na kwa wafadhili kulikuwa na swali lililowanyima watu usingizi: mtu mzima akifa, kaya inakuwaje? Watoto wanatolewa shule? Shamba linauzwa? Na kama serikali ina fedha kidogo za kusaidia, impe nani? Impe kila mwenye msiba, au impe maskini hata kama hana msiba? Madaktari walikuwa wakihesabu wagonjwa. Waliobaki nyumbani baada ya mazishi hawakuwa na wa kuwahesabu.

Ndipo Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Muhimbili, wakaanzisha utafiti wa kaya Kagera. Miongoni mwa waliouongoza walikuwa Martha Ainsworth na Mead Over wa Benki, na upande wetu Godlike Koda, George Lwihula, Phare Mujinja na Innocent Semali. Nawataja kwa makusudi, maana tukisimulia tafiti kama hizi Watanzania huwa tunawasahau wenzetu.

Angalieni jinsi walivyofanya kazi, kwa sababu hapa kuna somo la takwimu lisilochosha. Ukichukua kaya yoyote kwa bahati nasibu, hata penye janga, utakuta nyingi hazikufiwa mwaka huo. Utatembea mkoa mzima urudi na misiba michache isiyotosha kukuambia lolote. Kwa hiyo mwaka 1991 walianza kwa kuorodhesha kaya zaidi ya 29,000 katika maeneo 51 ya mkoa. Kila kaya iliulizwa maswali mafupi: je, kuna mtu mzima anayeumwa sana? Je, kuna mtu mzima aliyefariki katika miezi 12 iliyopita? Halafu wakachagua kaya za kufuatilia, wakihakikisha kwamba zile zenye ugonjwa au msiba zinakuwa nyingi kuliko kawaida. Bahati nasibu ilibaki, ila ilipangwa kwa mafungu. Ni sawa na mama anayeonja mchuzi. Akitaka kujua kama chumvi imeenea anachota popote, lakini akitaka kujua kama nyama zimeiva lazima apeleke kijiko zilipo nyama.

Kuanzia Septemba 1991 hadi Januari 1994 wadadisi walizitembelea kaya hizo, hadi mara nne kila moja. Kwa jumla zilihojiwa kaya 915. Dodoso lilikuwa refu kweli: mnakula nini, mnauza nini, nani anaumwa, mtoto alikaa shuleni saa ngapi wiki iliyopita, mmepokea msaada kutoka kwa nani. Fikirieni mdadisi anaingia kwenye nyumba yenye mgonjwa amelala ndani, anaketi kwenye mkeka anauliza bei ya maharage. Hiyo nayo ni kazi ya takwimu, si zile jedwali tu tunazoziona.

Majibu yalipochambuliwa, baadhi ya hofu zilithibitika na nyingine hazikuthibitika. Ilihofiwa kwamba watoto wakubwa wangetolewa shule kwa wingi ili wakafanye kazi. Haikuonekana hivyo: wale wa miaka 11 hadi 14 hawakuacha shule ya msingi kwa sababu ya kufiwa. Walioumia ni wadogo wa miaka 7 hadi 10. Waliofiwa na mama, na wale wa kaya maskini zenye msiba wa karibuni, walicheleweshwa kuanza shule. Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mezani asingelijua. Saa za mtoto kukaa darasani zilipungua katika miezi ya kabla ya kifo, wakati mgonjwa bado anauguzwa, halafu zikarudi. Kwa wasichana, zilishuka sana mara tu baada ya kufiwa na mzazi. Wale waliopanga msaada uanze baada ya mazishi walikuwa wamechelewa.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama tafiti nyingi zinavyoishia: ripoti, warsha, chai na vitafunwa, kabati. Fomu za mwisho zilijazwa Januari 1994. Miezi michache baadaye wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Ngara kwa mamia ya maelfu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ikazama, na karibu kila ukoo wa Kagera una jina lake kwenye msiba ule. Bei ya kahawa ikaporomoka. Kaya zile 915 zikaendelea na maisha yao bila kuulizwa na yeyote.

Mwaka 2004 wachumi watatu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, wakaja na wazo lililoonekana la kichaa. Wawatafute tena watu wale wale! Na hawakumaanisha nyumba zile zile, walimaanisha kila mtu aliyewahi kuishi katika kaya hizo, popote alipo.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Utafiti wa kawaida wa kufuatilia unarudi kijijini na kubisha mlango ule ule. Ukikuta mtu, unamhoji. Ukiambiwa "huyo alishahama," unaandika "hayupo," unakwenda nyumba inayofuata. Hawa hawakukubali jibu la "alishahama". Waliuliza ndugu na majirani. Amehamia wapi? Anaishi na nani? Wakawafuata Bukoba mjini, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Ilikuwa 2004, simu za mkononi vijijini bado za kuhesabu, na Facebook ndiyo kwanza inaanza kwenye mabweni ya chuo huko Marekani. Hata hivyo walipata watu kutoka asilimia 93 ya kaya za mwanzo. Kaya zile sasa zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700, maana watoto wameoa, wameolewa, wametawanyika. Karibu nusu tu ya kaya hizo ndizo zilizokutwa kwenye vijiji vya mwanzo.

Sasa njoo kwenye hesabu yenyewe. Walilinganisha matumizi ya kila mtu mwaka 2004 na yale ya miaka ya 1991 hadi 1994: chakula, mavazi, mafuta ya taa na mengineyo, baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Wakauliza, kuhama kumeongeza nini?

Msomaji mwerevu ataruka hapo hapo na kusema, ngoja kwanza! Wanaohama si ndio waliosoma, au wenye jamaa mjini, au waliotoka kwenye nyumba zenye uwezo? Hata wangebaki wangefanikiwa! Ni kweli, na hapo ndipo modeli inapofanya kazi yake. Hawakumlinganisha mhamaji wa Karagwe na mkulima wa Ngara. Waliwalinganisha watu waliokuwa wakila chungu kimoja mwaka 1991. Mmoja kaondoka, mwenzake kabaki. Udongo ule ule, msiba ule ule, baba yule yule. Kama umaskini wa nyumba ndio ulioamua, basi uliwagusa wote wawili. Wakatazama pia umri na elimu ya kila mmoja, na sababu zilizowasukuma wengine kuondoka, kama vile ukame na nafasi ya mtu ndani ya kaya.

Jibu: kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu katika miaka ile 13. Thelathini na sita! Si mradi wa mfadhili, si mbegu mpya, ni mtu kupanda basi au meli. Na kama wangefanya kama wengine, wakabisha mlango ule ule tu, wangeondoka Kagera wakiamini kwamba maisha ya watu wale yamesogea kidogo sana. Sehemu kubwa ya maendeleo yao ilikuwa imetokea kwingine, nje ya daftari.

Hapo nikamkumbuka baba na shangazi. Siwezi kujua kama nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zile 915, na sitakiwi kujua, kwa kuwa majina ya waliohojiwa hayatolewi. Lakini hesabu ile ni yao. Baba alibaki na migomba, mnyauko ukaja ukaimaliza. Shangazi alianza kwa kuuza dagaa Mwanza, sasa ana vyumba vinne vya kupangisha. Ada yangu ya sekondari alilipa yeye. Nilipoandika kwamba kijana anayeondoka kijijini anapotea, nilikuwa nikiandika kwa kalamu iliyonunuliwa na mtu aliyeondoka.

Tusishangilie haraka lakini, maana daftari lile lina kurasa nyingine. Watafiti wale wale waliwatazama watoto waliokuwa wadogo 1991 na baadaye wakafiwa na mama. Walipokuwa watu wazima, walikuwa wamesoma karibu mwaka mmoja pungufu na walikuwa wafupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa. Kuhama hakuwezi kurudisha sentimita hizo. Hasara ya miaka ya Juliana imeandikwa kwenye mifupa ya watu wanaoishi leo.

Mwaka 2010 wakarudi tena, wakawapata watu kutoka asilimia 92 ya kaya za mwanzo, takriban miaka 19 baada ya hodi ya kwanza. Sasa swali likawa la kisera zaidi. Sawa, kuhama kunalipa, lakini kuhamia wapi? Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo wakawachambua waliotoka kwenye umaskini. Mimi nilidhani wengi watakuwa Dar au Mwanza. Nilikosea. Kweli, aliyefika jiji kubwa matumizi yake yalikua kwa kasi kuliko wote. Ila walikuwa wachache: katika kila saba waliotoka kwenye umaskini, mmoja tu ndiye alitoka kwa njia ya jiji. Karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia kwenye shughuli nyingine huko huko vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Mashine ya kusaga, duka, bodaboda, cherehani, genge pale stendi.

Hebu tafakarini hilo. Mjadala wetu wote umekuwa wa mambo mawili, jembe au Kariakoo. Wanasiasa wanasema jembe, vijana wanasema Kariakoo. Takwimu zinasema wengi wamepita katikati, kwenye miji ambayo hatuna hata mwandishi wa kudumu. Ikitokea habari kutoka miji hiyo kwenye gazeti, ni ajali au mauaji. Kama sera ingefuata ushahidi, tungekuwa tunabishana kuhusu umeme wa Kamachumu, barabara ya Kayanga na soko la Muleba, na si kuhusu namna ya kuwaondoa wamachinga barabarani.

Ukurasa wa mwisho utawagusa wengi wenu. De Weerdt na Kalle Hirvonen walichunguza nani anamsaidia nani pale jambo baya linapotokea. Tumezoea kusema leo kwako kesho kwangu. Takwimu za kaya zile zinaonyesha vingine. Aliyebaki nyumbani akipatwa na janga, mhamaji anamsaidia. Mhamaji akipatwa, msaada haurudi kwa njia ile ile. Ni bima ya upande mmoja, na gharama yake kwa mhamaji waliikadiria kuwa asilimia 3 hadi 5 ya ongezeko la matumizi yake. Kwa maneno mengine, tunalalamika sana kuhusu "tuma kwenye namba hii", lakini ukitazama tulichopata kwa kuondoka, tunachotuma si kikubwa kama kinavyotuuma tarehe 28 ya mwezi!

Kuna mipaka ya kuitaja pia. Huu ni mkoa mmoja, tena mkoa wenye historia yake ya vita, kahawa na ugonjwa. Sithubutu kuuchukua mzima mzima na kuubandika Lindi au Simiyu. Pia 36 ni wastani. Ndani yake wamo waliofika mjini wakaharibikiwa, na wamo waliobaki wakanawiri. Na kuna jambo ambalo modeli haiulizi: kama wote wenye nguvu wataondoka, nani atamuuguza bibi?

Pamoja na mipaka hiyo, najifunza kitu kuhusu kazi yangu ya uandishi. Miaka yote hiyo, kuanzia 1983 ya Nguvu Kazi hadi makala yangu, tulikuwa na uhakika mkubwa na ushahidi kiduchu. Waliotupatia ushahidi ni wadadisi waliotembea kwa miguu kwenye migomba na kuuliza, "Yule mtoto aliyekuwa na miaka sita hapa, yuko wapi sasa?" Ni swali ambalo mwandishi wa habari alipaswa kuliuliza kwanza.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipiga tena. Amejifunza kutengeneza simu, anataka nauli ya kuja Dar. Nikamweleza habari zote hizi, kaya 915, mmoja kati ya saba, miji midogo. Nikamshauri aanze na kibanda pale Muleba mjini, nitamsaidia kodi ya miezi sita. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama anavyosikilizwa kaka mkubwa.

Halafu akasema, "Sawa kaka, nimekuelewa. Lakini mbona wewe hukuanzia Muleba?"

Hela ya kodi nimetuma. Jibu bado sina. Mwenye nalo anisaidie.